Kulala bondeni, kuteleza mlimani: je, ni akiba ya kweli?

Swali: Tuko wanne: mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 8 na 12. Tunapanga wiki moja ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni, kwenye milima ya Alps, Ufaransa au Austria, bado hatujaamua. Mume wangu aliwahi kujifunza zamani. Mimi na watoto hatujawahi hata kuzivaa, na kusema kweli sijui kama nitaupenda mchezo wenyewe. Hoteli zilizo karibu na lifti za kupandishia watu mlimani bei zake zimetushinda. Nimepata fleti nzuri kwenye mji wa bondeni, kilomita 25 kutoka kituo cha skii, kwa nusu ya bei. Nikiilipia, nitakuwa nimeokoa pesa kweli au nitazitoa kwa mlango mwingine?

Jibu: Usiilipie bado, dada. Wazo lenyewe ni zuri, na wapo wengi wanaolifuata kila msimu bila kujuta. Ila hizo kilomita 25 hazitoshi kunifanya niseme ndiyo au hapana. Ninachotaka kujua ni hiki: mkishamaliza kifungua kinywa, mtapita wapi na kwa chombo gani hadi kwenye lifti ya kwanza, na itawachukua dakika ngapi mkiwa na watoto wawili, jozi nne za skii na viatu vigumu visivyokunjika kifundoni? Upo mji ambao barabara yake ya kupanda mlimani inajipinda kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 10, lakini wewe utafika juu kwa dakika 7. Ipo mingine inayoonekana kuugusa mlima kwenye ramani, na safari yake inakula saa nzima. Kwa hiyo kilomita ziweke kando, tuhesabu dakika.

Huo mji wa dakika 7 ni Bourg-Saint-Maurice, Ufaransa. Upo bondeni, kwenye mwinuko wa mita 800 na kidogo, na reli inaishia hapo. Treni za kasi za TGV hufika mpaka stesheni yake wakati wa msimu. Hatua chache kutoka kwenye behewa kuna funikula, yaani treni fupi inayovutwa kwa kebo kwenye mteremko mkali, iliyoanza kazi mwaka 1989. Inakupandisha hadi Arc 1600, mojawapo ya vijiji vya kituo cha skii cha Les Arcs, na ukiwa huko juu mabasi yanaviunganisha vijiji vyenyewe. Tangu Desemba 2003 Les Arcs imeunganishwa na kituo jirani cha La Plagne kwa gari kubwa la kebo lenye ghorofa mbili, na eneo zima, liitwalo Paradiski, lina zaidi ya kilomita 400 za miteremko. Mtu aliyelala Bourg anateleza kwenye miteremko ileile ya aliyelala juu. Tofauti yao ni dakika 7 na muda wa kusubiri funikula.

Mfano wa pili ni Brides-les-Bains, kamji ka chemchemi za maji moto ambako watu huenda kutibiwa viungo na kupunguza uzito. Mwaka 1992 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Albertville na mabonde ya jirani, na Brides ikawa kijiji cha wanamichezo. Wakajengewa gondola, ile lifti ya vibanda vidogo vinavyofuatana kwenye kebo, kuwapeleka kituo cha skii cha Méribel. Wanamichezo waliondoka, gondola ikabaki. Leo inakutoa mjini hadi katikati ya Three Valleys, eneo lenye kilomita 600 za miteremko na baadhi ya hoteli ghali kuliko zote barani Ulaya, nawe umelala chini kwa bei ya mji wa kawaida. Ila jua na upungufu wake: safari ni takriban dakika 25, hakuna mteremko wa kurudi nao mpaka mlangoni jioni, na gondola ikishafungwa unabaki na teksi.

Ya tatu ni Briançon, mji wa mita 1,326 wenye ngome za kale zilizowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Gondola ya Prorel inapaa kutoka mjini humohumo na kuingia kwenye miteremko ya Serre Chevalier. Kutoka Paris ipo treni ya usiku: unalala njiani, asubuhi unashuka milimani, na gharama ya usiku mmoja wa hoteli umeiepuka.

Nimeanza na hii mitatu kwa sababu ndiyo inayonifanya nitetee wazo la kulala bondeni. Mji wenye kebo yake wenyewe ni kama nyumba yenye ngazi za kupandia ghorofani: upo chini, lakini hujatoka nje. Mji usiokuwa nayo unahitaji kupimwa upya, kulingana na chombo kilichopo.

Treni inafuata kwa ubora. Haikwami kwenye foleni, mara nyingi hupita hata siku ambazo barabara imefungwa kwa theluji, na ndani kuna mahali pa kuegesha skii. Mkikubali kutazama nje ya nchi mbili ulizotaja, hapo kuna hazina. Zermatt ya Uswisi hairuhusu magari ya mafuta. Kila mwenye gari huliacha Täsch na kupanda treni ya dakika 12. Sasa kama mwenye hoteli ya kifahari naye ameletwa na treni hiyohiyo, kwa nini usilale Täsch? Chur, mji mkongwe uliopo chini ya mita 600, una treni ndogo inayoanzia barabarani mbele ya stesheni kuu, ikipita kati ya magari kama basi, kisha inakwea bonde hadi kituo cha skii cha Arosa kwa muda wa saa moja. Kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Bruneck, kuna stesheni ya Percha ambapo gondola ya mlima Kronplatz inaanzia jirani kabisa na reli. Wajapani nao walikwenda hatua moja mbele: kituo cha skii cha Gala Yuzawa kina stesheni yake ya Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, tangu 1990, ndani ya jengo lilelile lenye lifti, na watu hutoka Tokyo asubuhi wakarudi kulala jioni.

Kwa upande wa Austria, angalia Zillertal. Bonde hilo lina reli nyembamba kutoka Jenbach hadi Mayrhofen, pamoja na mabasi ya skii, na mwenye pasi ya lifti ya bonde zima hupanda vyombo hivyo bila kulipa zaidi. Vijiji vya mwanzo wa bonde ni tulivu na nafuu kuliko Mayrhofen. Kulala stesheni mbili tatu kabla ya jina kubwa ni mbinu inayofaa karibu kila bonde la Austria.

Basi ndiyo sehemu ya kuwa makini. Kuna mabasi ya skii mazuri, ya bure, yanayopita kila baada ya dakika 20 na yenye vishikizo vya skii nyuma. Na kuna basi linalopita mara tatu kwa siku, lililopangwa kwa ajili ya wanafunzi na wazee wa vijijini, ambalo tangazo la fleti litaliita "usafiri wa umma karibu". Usiamini maneno hayo. Fungua ratiba yenyewe, ya majira ya baridi, ya siku ileile ya wiki mtakayosafiri. Tazama basi la kwanza la asubuhi na la mwisho la jioni. Lifti nyingi za Alps hufunguliwa kati ya saa 2 na nusu na saa 3 asubuhi na kufungwa kuanzia saa 10 alasiri. Watu wote wa mlima mzima hushuka ndani ya nusu saa hiyohiyo, kwa hiyo basi la saa 10 na nusu hujaa, na mtoto wa miaka 8 aliyechoka, kalowa na ana njaa si abiria wa kusubiri linalofuata gizani.

Gari lenu wenyewe au la kukodi linaondoa tatizo la ratiba, halafu linaleta mengine. Ufaransa inadai matairi ya majira ya baridi, au minyororo ya kufunga kwenye magurudumu iwe ndani ya gari, katika maeneo mengi ya milimani kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Austria inadai matairi ya baridi barabara inapokuwa na theluji au barafu, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili. Gari la kukodi kwenye uwanja wa ndege wa nchi jirani isiyo na sharti kama hilo linaweza kuja na matairi ya kawaida, na kuongezewa minyororo ni malipo ya pembeni. Maegesho ya juu hulipiwa sehemu nyingi, na hujaa mapema. Dereva naye anahesabika: mtu aliyeteleza siku nzima, miguu inatetemeka, sasa anashuka kona za barafu jioni. Mimi huiweka fleti ya gari tu chini kabisa ya orodha yangu, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuna mtego mmoja wa ramani nataka uukwepe, kwa sababu matangazo ya nyumba huutumia bila haya. Barabara nyingi za juu za Alps hufungwa majira ya baridi. Kijiji cha Bonneval-sur-Arc na kituo maarufu cha Val d'Isère vimetenganishwa na kilomita kama 30 za barabara ipitayo mpenyo wa Iseran kati ya vilele, juu ya mita 2,700. Kiangazi ni mwendo wa kupendeza. Baridi ikiingia barabara inazikwa na theluji, na mtu wa Bonneval anayetaka kwenda Val d'Isère anashuka bonde lake lote kisha anapanda bonde jingine lote. Programu ya ramani ukiitazama mwezi Julai itakuonyesha njia fupi. Iwekee tarehe ya safari, au tafuta jina la mpenyo uliopo katikati na uone kama barabara yake hufungwa.

Sasa pesa. Chukua karatasi na uandike yale tu yanayobadilika kati ya kulala juu na kulala chini. Pasi ya lifti haibadiliki. Mlima haujali umelala wapi. Bima haibadiliki. Masomo hayabadiliki. Kinachoshuka ni malazi, chakula cha jioni na bidhaa za dukani, maana maduka ya juu hupandishiwa kila kitu kwa lori na wateja wake hawana pengine pa kwenda. Kinachopanda ni nauli ya watu wanne kwenda na kurudi kila siku, au mafuta na maegesho, na chakula cha mchana. Hicho cha mchana wengi hukisahau. Aliyelala karibu na lifti huenda nyumbani akala mabaki ya jana. Wewe wa bondeni hushuki, na mkahawa wa mlimani kwa watu wanne siku sita unaweza kumeza sehemu kubwa ya akiba. Dawa yake ni mkate na thermosi ndani ya begi. Vituo vingi vya Ufaransa vina chumba maalumu cha kulia chakula ulichobeba, chenye joto na meza, bila malipo. Uliza kipo wapi.

Ukishapata kilichobaki, kiweke kwenye mizani na muda. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi kwa siku sita ni saa 9. Siku ya lifti ina takriban saa 7. Maana yake umelipia pasi ya siku sita, na zaidi ya siku nzima imeishia kwenye kiti cha basi. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi ni saa 3 kwa wiki yote, jambo la kuvumilika. Kwa familia yenye watoto wanaoanza mpaka wangu ni dakika 30 kutoka mlango wa fleti hadi mguu wa lifti, ukihesabu kutembea na kusubiri. Watu wazima watupu wanaweza kwenda hadi 45. Zaidi ya hapo, nafuu ya kitanda lazima iwe kubwa sana ndipo nikubali.

Lakini ipo akiba ambayo karatasi hiyo haiionyeshi, na katika hali yenu naiona kubwa kuliko tofauti ya kitanda. Mtu anayelala juu mlimani huteleza kila siku kwa sababu hana kingine cha kufanya, na kwa sababu amelipa sana kuwa pale. Pasi za siku sita hupangwa bei ili ya siku nne ionekane ya kijinga. Wewe hujui kama utaupenda mchezo. Watoto wanaoanza huchoka siku ya tatu, mapaja yanauma, na siku ya nne wanataka kulala. Ukiwa kwenye mji wenye maisha yake, siku hiyo mnazunguka mitaani au mnakwenda bwawa la maji ya moto, na hakuna aliyepoteza pasi. Nunueni siku nne badala ya sita. Mumeo akitaka zaidi, aongeze zake mwenyewe.

Tena wewe na watoto siku mbili za kwanza msinunue pasi ya eneo zima kabisa. Kilomita 400 za miteremko ni za nani, ikiwa siku ya kwanza mtajifunza kusimama kwenye uwanja wa mita 200? Vituo vingi vina pasi nafuu ya wanaoanza inayofungua lifti chache za chini, na vingine huachia lifti za uwanja wa mazoezi bure. Kwa nyinyi watatu hapo ndipo penye nafuu kubwa kuliko yote niliyotaja kwenye barua hii, na hupatikana popote mlalapo. Muhimu ni kujua kama huo uwanja wa mazoezi upo pale gondola au funikula inapowashusha, au inabidi mpande lifti nyingine tena ndipo muufikie. Hoteli hawatakwambia, ramani ya miteremko ya kituo itakwambia, na kila kituo huiweka kwenye tovuti yake. Rangi kwenye ramani hiyo huonyesha ugumu: miteremko ya kijani kwa Wafaransa, na ya buluu kwa Waaustria wasiotumia kijani, ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo yenu.

Vifaa vikodini juu, si mjini. Najua duka la mjini huwa na bei ya chini kidogo, na kwa mumeo peke yake ningesema sawa. Kwa familia inayoanza, hapana. Kiatu cha skii kinapaswa kubana mguu sawasawa, na mgeni hajui kubana sawasawa kukoje mpaka ateleze nacho asubuhi moja. Siku ya pili lazima mmoja wenu atabadilisha viatu, pengine wawili. Duka likiwa hatua 50 kutoka kwenye theluji, mnabadilisha kwa dakika 10. Likiwa bondeni, siku imeharibika. Maduka mengi ya juu pia yana stoo ya usiku, ya bure au ya malipo madogo, yenye mashine ya kukaushia viatu. Hilo peke yake linabadilisha safari: mnapanda basi au gondola kila asubuhi na viatu vyenu vya kawaida, mikono mitupu, na kuvaa huko huko. Anayelala bondeni bila stoo ya juu anabeba mzigo wa familia nzima mara mbili kwa siku, na hapo ndipo watu huapa kwamba hawatarudia.

Agizeni kwa mtandao kabla ya kusafiri, bei huwa chini kuliko ya kaunta. Msinunue skii, msinunue viatu. Mwakani vitakuwa vimeshawabana watoto. Suruali na koti lisilopitisha maji azimeni kwa mtu. Glovu nunueni nzuri, maana mkono uliolowa ndio humaliza siku ya mtoto mapema kuliko uchovu. Helmeti ni za wote wanne bila majadiliano. Mkiamua Italia, huko ni sheria kwa kila mtu wa umri wowote tangu Novemba 2025, na kila anayeteleza lazima awe na bima ya kufidia atakayemgonga.

Masomo ya watoto ndiyo yapangwe kwanza, kabla hata ya nyumba. Madarasa ya vikundi kwa kawaida huenda siku tano au sita mfululizo (ulizeni kama watoto wanaweza kuchukua nne tu, zilingane na pasi), na ya asubuhi huanza mapema, mara nyingi mnamo saa 3. Mwalimu hasubiri, kikundi kikishapanda lifti, mtoto wako amebaki. Sasa weka ratiba ya basi la kwanza kando ya saa ya darasa. Zikigongana, tafuta darasa la mchana, ambalo halina ushindani mkubwa, au uachane na mji huo. Nimeona familia zikilipia fleti nafuu kisha zikapanda teksi kila asubuhi kwa ajili ya darasa. Nawe chukua angalau somo moja au mawili. Usikubali kufundishwa na mumeo. Ndoa nyingi zimetikiswa kwenye mteremko wa kijani.

Tarehe zina nguvu kuliko mahali. Shule za Ufaransa hugawanywa katika kanda tatu, na likizo zao za baridi hupishana kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Waingereza hufunga wiki moja katikati ya Februari. Majimbo ya Austria nayo hupokezana mwezi huohuo. Bei za mlimani na za bondeni zote hupaa pamoja. Wiki zinazofuata baada ya sikukuu za mwaka mpya, hadi mwisho wa Januari, ndizo zenye nafuu kuliko zote za katikati ya msimu: theluji ipo, foleni hakuna, ila siku ni fupi na baridi inauma. Shule ya watoto wenu ikiruhusu, Januari nzuri itawaokolea zaidi ya bonde lolote la Februari. Ikibidi Februari, basi kulala bondeni kunapata thamani mara mbili, kwa sababu vyumba vya juu huisha.

Na mji una faida moja ya kalenda ambayo vituo vya juu hawana. Fleti za juu nchini Ufaransa hupangishwa kwa mazoea kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi. Matokeo yake kila Jumamosi ya Februari bonde la Tarentaise, kutoka Albertville kwenda Moûtiers na kuendelea, linageuka foleni moja ndefu ya magari yanayopanda na yanayoshuka. Hoteli ya mjini inauza usiku wowote. Fikeni Jumapili jioni, ondokeni Ijumaa, na mtasafiri barabara ikiwa tupu.

Msishtuke mkifika mkakuta mji hauna theluji hata chembe. Innsbruck ipo chini ya mita 600, na Januari inaweza kunyesha mvua mjini huku mita elfu moja juu yake theluji inamwagika. Kinyume chake pia hutokea: siku tulivu za baridi kali hewa nzito hutulia bondeni na ukungu wake, na ukipanda unatokea kwenye jua, na juu kuna joto kuliko chini. Asubuhi angalieni kamera za mlimani kwenye tovuti ya kituo kabla ya kukata tamaa dirishani.

Nikiwatazama nyinyi wanne, hiyo Innsbruck ndiyo ningeianza. Mji huo uliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1964 na 1976, na umezungukwa na maeneo kadhaa ya skii yanayofikiwa kwa mabasi ya skii kutoka mjini. Mumeo atapanda Nordkette kutoka katikati ya mji: funikula yenye stesheni zilizosanifiwa na mbunifu maarufu wa majengo, Zaha Hadid, kisha magari mawili ya kebo, na kwa muda usiofika nusu saa yupo juu ya mita 2,200. Msimfuate huko, ni mlima mkali usio wa wanaoanza. Nyinyi nendeni Muttereralm, pana na pole. Theluji ikiwa haba chini, eneo la skii la barafu ya kudumu ya Stubai, linalovuka mita 3,000, lipo mwendo wa saa moja hivi kwa basi. Ipo pasi iitwayo SKI plus CITY inayojumuisha maeneo hayo pamoja na makumbusho na mabwawa ya kuogelea, na usipoteleza bado una mji mzima wa kuzunguka. Mkiona mmevutiwa zaidi na kuteleza kuliko kutembea, Bourg-Saint-Maurice ndiyo chaguo langu la Ufaransa.

Kuhusu ile fleti yako ya kilomita 25, haijashindwa bado. Mwandikie mwenye nyumba leo, umuulize: kituo cha basi la skii au stesheni ipo umbali wa dakika ngapi kwa miguu, na jina lake ni lipi ili uitafute ratiba mwenyewe? La kwanza asubuhi linafika kwenye lifti saa ngapi, na la mwisho linaondoka juu saa ngapi? Wageni hupewa kadi ya usafiri wa bure, kama miji mingi ya Austria na Uswisi inavyofanya kwa kodi ya utalii unayolipa kila usiku? Kuna mahali pa kukaushia glovu na koti za watu wanne? Na nikiahirisha kwa sababu mtoto anaumwa, narudishiwa kiasi gani na mpaka lini? Akikujibu moja kwa moja kwa majina na saa, endelea. Akianza kwa kukuuliza kama mtakuja na gari, rudi kwenye orodha yako ukatafute kitu karibu na stesheni.